Huduma ya geti la mtaa, Mikocheni, Dar: nyota 3

Tangu ujenzi wa njia ya mabasi ya mwendokasi uingie barabara ya Bagamoyo kila mtu anakwepa foleni kwa kuchomokea kwetu, bodaboda, malori ya mchanga, yaani vumbi mpaka kwenye sufuria. Basi tukachanga tukaweka kampuni ya ulinzi ishike geti. Mchana wako poa sana, magari ya kupita tu wanayarudisha kwa heshima na watoto wanacheza rede bila presha. Usiku sasa! Mlinzi kalala fofofo, ambulansi inapiga honi weee mpaka jirani katoka na kanga kufungua kamba ya geti. Halafu mtaa wa pili wamenuna, foleni tumewasukumia wao na barabara ni ya umma, wana haki jamani. Wakiongeza mlinzi wa usiku natoa nyota ya 4.