Mediatori gani ununue Lubumbashi: unene kwanza, rangi baadaye

Mama anayeniuzia kamba za gita pale soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, ana swali moja, nalisikia kila nikifika: "Baba, unataka ya rangi gani?" Mediatori zake, vile vipande vidogo vya kupigia kamba za gita, zimo ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na vifungo vya shati na betri za saa, na kwa mbali unaweza kudhani ni pipi. Wapigaji wengi hapa mjini hununua hivyo hivyo. Kijana anachukua nyekundu kwa sababu gita yake ni nyekundu, anarudi kwao mtaa wa Katuba, sebene (ile sehemu ya wimbo ya mbio, ya kuchezea) inaanza, mkono unakwama. Jioni nzima analaumu vidole vyake, na vidole havina kosa.

Mimi napiga akompa, yaani gita ya kusindikiza, kwenye kwaya ya kanisa, na soliste wetu, yule wa gita ya kuongoza, akisafiri ninasukumwa kwenye solo. Kazi hizo mbili hazitaki mediatori moja. Nimeliona hilo kwa kupoteza makuta, yaani pesa, basi wewe usiyapoteze tena.

Cha kuuliza kwanza ni unene. Hupimwa kwa milimita, na mediatori ya maana huandikwa namba yake mgongoni. Chini ya 0.60 ni laini: ukigusa kamba inapinda, kamba inaponyoka, ndipo inarudi mahali pake. Ukiwa unakwangua akordi za wimbo wa kuabudu kwenye gita kavu, ile isiyo ya umeme, kupinda huko kunakusaidia, maana hata ukipiga kwa nguvu kamba zote sita zinatoka sawa. Lakini sebene ni noti zilezile zinazorudiwa mbio mbio. Mediatori laini hurudi ikichelewa, noti ya pili inaikuta bado imejikunja, na unachosikia ni tope. Kati ya 0.60 na 0.85 ndiko wengi wetu tunakoishi. Ikipita milimita moja haipindi tena: kila ulichofanya mkononi kinafika kwenye kamba, makosa yakiwemo.

Basi nianze kupanga, kuanzia ile ningenunua hata nikiwa na pesa ya moja tu.

Nafasi ya kwanza: delrini isiyong'aa, 0.73 au 0.88

Delrini ni plastiki ngumu inayotumika hata kutengenezea meno ya mashine. Mediatori zake maarufu zaidi ni Tortex za Dunlop, zenye mchoro wa kobe. Kobe huyo ana sababu yake. Zamani mediatori zilizosifiwa kuliko zote zilichongwa kutoka gamba la ng'amba, yule kasa wa baharini. Biashara ya kimataifa ya ng'amba ilipigwa marufuku miaka ya 1970, na watengenezaji wakatafuta plastiki ya kuigiza gamba lake.

Ninachoipendea ni ngozi yake. Haing'ai, ina ukavu kama wa chaki, na hiyo ni neema mwezi wa kumi, joto linapopanda kabla ya mvua na jasho linateremka hadi kwenye kidole gumba. Mediatori inayong'aa inazunguka mkononi katikati ya wimbo, hii inakaa. Na hapa ndipo swali la Mama wa kopo lina ukweli ndani yake. Kwenye Tortex rangi ni unene: nyekundu ni 0.50, ya chungwa 0.60, njano 0.73, kijani 0.88, bluu 1.0, zambarau 1.14. Shida ni kwamba utaratibu huo ni wa aina hiyo moja. Mediatori nyingine hupakwa rangi yoyote, na kijani ya kopo inaweza kuwa laini kuliko njano iliyo chini yake. Soma namba.

Nani achukue ipi? Ukipiga akompa na misolo (gita ya katikati ya akompa na solo) kwa zamu, njano. Ukiwa soliste wa bendi yenye gita ya umeme na kamba nyembamba, kijani. Mtoto anayeanza nitampa njano bila kumuuliza.

Nafasi ya pili: nailoni ya 0.73

Kwa mpiga akompa wa gita kavu, hii ingekuwa ya kwanza, na nimebishana na nafsi yangu kabla ya kuishusha. Nailoni inapinda bila kuvunjika na sauti yake haina ule mlio wa plastiki kugonga kamba. Ukipiga mbele ya maikrofoni moja ya kanisa, inayookota kila kitu, utaelewa ninachosema. Iliyo nzuri ina vipele vilivyoinuka pale unaposhika. Isiyo na vipele iache kwenye kopo: nailoni tupu na jasho ni samaki mkononi.

Nafasi ya tatu: ile ndogo yenye ncha kali

Wanaoijua huiita Jazz III. Ni ya nailoni pia, lakini unene wake ni 1.38 na umbo lake ni dogo kiasi kwamba ukiishika inabaki ncha tu. Kwa solo ya haraka sijashika nyingine inayofika kwenye kamba upesi hivi. Kijana wetu wa solo, aliyekuwa akinilalamikia kwamba "yaya, noti zangu zinashikana", nilimpa yangu siku moja ya mazoezi. Dakika kumi za mwanzo zilikuwa vurugu, alikuwa anagonga kamba kwa kucha. Baada ya hapo hakunirudishia.

Nimeiweka ya tatu kwa sababu haisamehe. Kwenye akompa inararua: akordi inatoka kali, na kamba nyembamba ya kwanza iko hatarini ukiwa na mkono mzito. Ni ndogo pia, ikianguka kwenye sakafu yenye vumbi jekundu, na yenyewe ni nyekundu, ibada itaisha hujaiona.

Nafasi ya nne: seluloidi

Hii ndiyo mediatori ya kawaida, yenye mabaka ya kahawia kama gamba la kobe au yenye mawingu ya lulu, na maandishi ya thin, medium au heavy badala ya namba. Fender ndiyo jina linaloonekana zaidi, la kweli na la kughushi. Sauti yake ni tamu na angavu, sina ugomvi nayo. Ila inang'aa, kwa hiyo inateleza, na ile nyembamba hupasuka ufa kuanzia ncha bila kukupa taarifa. Ukiichukua, chukua ya medium, na usichukue moja. Halafu iweke mbali na mshumaa umeme ukikatika. Seluloidi ni plastiki ya zamani sana na inawaka kama karatasi kavu.

Nafasi ya tano: ya bure

Usicheke. Ile kadi kubwa ambayo laini ya simu inabanduliwa ina unene wa kadi ya benki, yaani 0.76, katikati kabisa ya wastani. Weka mediatori yako juu yake, chora kwa kalamu, kata kwa mkasi, tatu zinatoka. Kisha sugua ukingo kwenye msasa laini, la sivyo itakwaruza kamba. Sauti yake ina "tak" la plastiki na ncha inalainika haraka, lakini kwa mazoezi ya nyumbani inatosha. Kadi za vocha za kukwangua zilikuwa karatasi tupu, hazikufaa hata kwa hilo.

Nafasi ya mwisho: chuma

Jirani yangu hupigia sarafu ya ngwee ya Zambia aliyotoka nayo ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, maana faranga zetu ni noti tupu, sarafu hatuna. Ametiwa moyo na habari ya Brian May, mpiga gita wa bendi ya Queen, ambaye kweli hupiga kwa sarafu ya zamani ya Uingereza, peni sita. Sawa. Lakini Brian May hanunui kamba moja moja sokoni.

Gita ya besi siipangii nafasi. Wengi hupiga kwa vidole na wako sawa. Ukilazimika, chukua nene ya kuanzia milimita moja. Na kama unataka kupiga kwa mtindo wa wazee wa Katanga, funga mfuko kabisa. Mwenda Jean Bosco, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada. Gumba linatembea kwenye kamba nene, shahada inaimba juu, na hakuna mediatori moja inayoweza kufanya kazi hizo mbili kwa wakati mmoja.

Sasa, ukiwa umesimama mbele ya kopo. Chukua mbili zenye namba moja, zipinde pamoja kati ya gumba na shahada. Zikipishana ugumu, namba ni urembo. Niliwahi kununua pakiti nzima iliyoandikwa 0.88, mahali penye kioo na risiti, nikafika nyumbani nikakuta zinapinda kama majani ya muhindi. Tangu siku hiyo sinunui pakiti isiyofunguliwa. Sugua maandishi kwa kidole chenye mate kidogo, ya kughushi mara nyingi hufutika hapo hapo. Kisha pitisha ukucha ukingoni. Ukisikia mstari uliobaki kutoka kwenye kalibu, si lazima uiache, ila bei iteremke, maana kazi ya msasa utaifanya wewe. Mama wa kopo anajua mchezo huu na hukubali.

Kuhusu bei, nimelipa kuanzia bei ya mkate mdogo hadi bei ya chupa ya bia kwa moja. Juu ya hapo unalipia jina.

Ncha ikichakaa usiitupe. Mediatori ya umbo la kawaida ina mabega mawili ya mviringo. Igeuze, pigia bega. Sauti inakuwa nene na laini, nzuri kwa nyimbo za polepole, na hakuna aliyekuuzia. Ile njano yangu iko kwenye bega la pili sasa. Za akiba mbili hukaa ndani ya kifuniko cha simu, nyuma. Nilijaribu kuweka tatu, kifuniko kikakataa kufunga.