Wanachama 612, namba ya simu moja

Simu ya afande ilinikuta Wandegeya, Kampala, nikingoja rolex yangu, chapati ya mayai, ikunjwe. Ni mwenyekiti wa chama cha akiba cha waendesha boda kule Arua, askari mstaafu, na Kiswahili chake ni cha kambini, hakina mapambo.

"Kijana, mbona sote tuna namba moja ya simu?"

Nikacheka. "Haiwezekani, afande."

"Ninakusomea. Mbili, moja, nne, saba, nne, nane, tatu, sita, nne, saba. Mimi hiyo. Mhazini hiyo. Hata yule tuliyemzika mwezi juzi, hiyo hiyo."

Rolex niliila, lakini ladha yake siikumbuki.

Basi shauri langu kwa anayechagua hifadhidata ya kujengea tovuti, yaani programu ya kutunzia data, ni hili: usiguse MySQL, ile iliyotunza namba hizo. Nimemaliza. Asiye na haraka aendelee kusoma, maana nina hasira na nina muda.

Nilipoanza kukijengea chama tovuti, namba za simu ziliandikwa kwa mtindo wetu wa kawaida, 077 au 075 na kuendelea. Nikaziweka kwenye kolamu ya INT, ya namba kamili. Siku ya kwanza tu sifuri ya mbele ikapotea, maana kwa hesabu sifuri ya mbele si kitu. Nikaona ni jambo dogo, nikaandika mstari wa kuirudisha kila namba inapoonyeshwa, nikalala. Baadaye chama kikataka wanachama walipe amana kwa simu, na huko namba lazima ianze na 256. Jioni moja nikaandika amri moja ya kubandika 256 mbele ya namba zote. Skripti yangu, niliyoiandika kwa lugha ya PHP, ikajibu: safu 612 zimebadilika. Safi kabisa. Nikafunga kompyuta nikaenda kutazama mpira.

Ukomo wa INT ni 2147483647. Namba inayoanza na 256 na kufuatwa na tarakimu tisa imeupita ukomo huo mara mia na zaidi. Ungekuwa wewe karani, mtu akakuletea magunia mia uyatie ndani ya debe moja, ungefanya nini? Ungemwambia hayaingii. MySQL niliyopewa ililijaza debe mpaka pomoni, kilichobaki ikakimwaga, kisha ikaniambia kazi imekwisha. Kwa wote 612. Onyo ilikuwa nalo, ila inalificha mpaka uliulize. Nani anauliza onyo baada ya kuambiwa imefaulu?

Jina la MySQL limetokana na My, binti wa Monty Widenius, mmoja wa walioianzisha. MariaDB, ndugu yake wa baadaye, ni jina la binti mwingine. Mabinti hawana kosa. Ila baba yao alilea programu isiyojua kusema hapana.

Ningeweza kuyasamehe yote hayo lau si kijana wa huduma kwa wateja.

Kampuni inayonihifadhia tovuti siitaji. Ni ya bei poa, wengi wetu Kampala tunazo za namna hiyo: seva moja, wateja mamia, na MySQL ndiyo hifadhidata pekee kwenye menyu. Nikaingia kwenye dirisha lao la mazungumzo nikiwa na maombi mawili. Kwanza, nakala ya data ya kabla ya ile jioni. Pili, wanieleze kwa nini hifadhidata yao inakata namba za watu bila kusema.

Akanijibu kwa Kiingereza cha kukariri kwamba nakala hukaa siku tatu. Siku tatu! Afande alikuwa amegundua baada ya wiki nzima, ujumbe wa kukumbusha mikopo ulipokosa kumfikia hata mtu mmoja. Kuhusu swali la pili akasema hali ya ukali, ile inayoifanya MySQL ikatae data mbovu, wameizima kwa makusudi, kwa sababu tovuti za zamani za wateja wengine zingeanguka wakiiwasha. Wateja wengine! Yaani namba zangu ziharibike kimya kimya ili tovuti ya mtu nisiyemjua isitoe kosa. Nilipomwambia hayo akaandika: "Hifadhidata yetu haina tatizo. Labda utafute mtu anayeijua kazi hii." Halafu, kabla sijakusanya matusi yangu: "Kuna jambo jingine naweza kukusaidia leo?"

Sikujibu. Niliketi nikaitazama ile alama ya kuuliza mpaka umeme ukakatika.

Usiku ule nikaiweka PostgreSQL, hifadhidata nyingine, kwenye laptopu, nikatengeneza wanachama watano wa uongo, nikarudia kosa langu lile lile kwa makusudi. Ikakataa. Namba imezidi kipimo, ikasema, na hakuna safu hata moja iliyoguswa. Nilipiga meza kwa furaha kama mtu aliyefunga bao. Hiyo ndiyo hifadhidata! Wiki iliyofuata nikakodi seva ndogo yangu peke yangu, nikihesabu dola kwa shilingi kila mwezi, nikahamia.

Huko nako sikuimba. Kila muunganisho wa PostgreSQL ni mchakato wake na unakula kumbukumbu, na seva yangu ya giga moja ilikuwa ikitweta kila mwisho wa mwezi wanachama wanapoingia kwa wingi. Majina ya kolamu niliyokuwa nimeyaandika kwa herufi kubwa yakanisumbua siku mbili nzima. Na sasa nakala za usiku ni juu yangu. Rafiki yangu wa Ntinda akaniambia yote ningeyakwepa kwa MongoDB, hifadhidata isiyopanga data kwenye majedwali. Nikamwuliza: mwanachama ana amana, amana ina mkopo, mkopo una wadhamini watatu, wote wameshikana mikono, wewe unataka niwatie kapuni? Akanyamaza. Pengine alichoka tu.

Sasa sehemu nisiyopenda kuiandika. Tangu toleo la 5.7, la mwaka 2015, MySQL yenyewe huja na ule ukali umewashwa. Na hata pale walipouzima, mteja yeyote anaweza kuuwasha kwenye muunganisho wake kwa mstari mmoja: SET SESSION sql_mode = 'STRICT_ALL_TABLES'. Mstari mmoja. Nilikuwa na uwezo huo tangu siku ya kwanza na sikuujua. Tena namba ya simu si namba. Huijumlishi, huigawi kwa mbili. Ni maandishi, na kolamu ya maandishi, VARCHAR ya herufi 15, ingetosha. Ile sifuri iliyoliwa mapema ilinipigia kelele, mimi nikaiziba mdomo. Kwa hiyo yule kijana alipoandika nitafute mtu anayeijua kazi…

Hapana. Bado alikosa adabu.

Namba zilirudi kwa njia moja tu. Nilipanda basi la usiku, Karuma, Pakwach, mpaka Arua asubuhi, nikakaa siku nne nikihama steji moja hadi nyingine na daftari la afande, nikimuuliza kila mwendesha boda namba yake kama mhesabu sensa. Wengine walinitajia, wengine walitaka kwanza kujua zile za awali nilizipeleka wapi. Mmoja akaniita mwizi wa laini. Afande alikuwa amesimama kando na fimbo yake, hakunitetea, hakunisema. Siku ya mwisho aliniletea chai na muhogo, akauliza hela zao zimo kwenye kolamu ya aina gani.

Nikamwambia BIGINT, ile INT kubwa, afande.

"Hiyo inasema hapana?"

Nikamwambia nimeiwekea mtu wa kusema.

MySQL ninayo bado kwa kazi za wateja wadogo, ule mstari ukiwa juu kabisa ya kila faili, na kusema kweli haijanikosea tena. Na ile kampuni ilinitumia barua pepe kwamba tiketi yangu imefungwa kwa mafanikio, niwape nyota. Niliwapa moja. Juzi nimewalipa mwaka mwingine mzima, maana tovuti saba za wateja wangu bado ziko kwao.