SSD ya Kompyuta ya Nyumbani: Kasi Iangalie Mwisho

Hamjambo nyote, karibuni. Leo nazungumza na wewe unayejiundia kompyuta hapa Kisumu. Keisi unayo, prosesa unayo, ramu unayo, kilichobaki ni SSD, yaani diski ya kuhifadhia faili isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Ukipita madukani kwenye Barabara ya Oginga Odinga utaonyeshwa boksi lenye namba kubwa ya kasi, na utaambiwa hii ndiyo moto zaidi. Mimi nakuomba hiyo namba uiangalie mwisho kabisa. Kabla yake, jua madabodi yako, ile bodi kuu inayobeba kila kitu, ina nafasi gani, kisha uulize ndani ya SSD kuna chipu za aina gani.

Tuanze na nafasi. Hii niliyoshika ni SSD ya M.2, yaani umbo la kipande chembamba kinachochomekwa moja kwa moja kwenye madabodi. Upana wake milimita 22, urefu milimita 80, ndiyo maana imeandikwa 2280. Sasa tazama hapa kwenye meno ya rangi ya dhahabu. Hii ina pengo moja. Hii nyingine, mapengo mawili. Ya pengo moja mara nyingi ni NVMe, njia ya haraka ya kupitisha data, ya mapengo mawili mara nyingi ni SATA, njia ya zamani ya polepole zaidi, na umbo ni lilelile. Nimesema mara nyingi, kwa hiyo usinunue kwa kuhesabu mapengo. Soma lebo, halafu fungua kitabu cha madabodi uone nafasi yako inakubali nini. Nyingine zinakubali zote mbili, nyingine moja tu. Na kitabu hicho usikifunge haraka, kwa sababu kuna madabodi ambazo ukichomeka M.2, mlango mmoja wa SATA unazimika. Mtu anadhani diski yake ya zamani imekufa, kumbe ni kuhamisha kebo tu.

Na wewe uliyenunua mashine ya ofisi ya ex-UK, yaani mtumba kutoka Uingereza, tuseme Dell OptiPlex 7010 ile ya mwaka 2012, usihangaike na NVMe. Haina nafasi ya M.2. Chukua SSD ya SATA ya inchi 2.5 na uwe na amani. SATA inaishia kama megabaiti 550 kwa sekunde, NVMe ya kizazi cha 3 inafika 3,500, ya kizazi cha 4 karibu 7,000, ya kizazi cha 5 inapita 10,000. Namba zinatisha, lakini kwa kuwasha Windows, kufungua kivinjari na kuandika kazi ya shule, kizazi cha 3 na cha 5 hutavitofautisha kwa macho. Mruko mkubwa ni ule wa kutoka diski ngumu inayozunguka kwenda SSD yoyote nzuri. Kizazi cha 5 kwa kompyuta ya nyumbani sikipendekezi. Kinachemka zaidi, na hiyo pesa ya ziada bora uiongeze kwenye ukubwa.

Sasa chipu, na hapa nisikilize vizuri. Aina mbili utakazokutana nazo ni TLC na QLC. TLC inahifadhi biti 3 kwenye kila seli, yaani kila chumba kidogo cha data, QLC biti 4. QLC ni nafuu kutengeneza lakini inachoka mapema, na inaandika polepole. Chukua Samsung 870 EVO na 870 QVO, zote za terabaiti 1. Kwenye boksi zote zinajisifu kasi ya kusoma ya megabaiti 560. EVO ni TLC, waranti miaka 5, imeahidiwa kuandikwa jumla ya terabaiti 600, ukihesabu kila unachoandika na kufuta na kuandika tena. QVO ni QLC, waranti miaka 3, terabaiti 360. Halafu ndani ya QVO kuna sehemu ya haraka ya gigabaiti 42. Ikijaa, kasi ya kuandika inaporomoka hadi kama megabaiti 80, chini ya diski ngumu nyingi. Kama unarekodi harusi na unamwaga video za kamera mbili jioni, utakaa hapo ukingoja. Ndugu yangu, ulizia TLC.

Kuhusu DRAM, chipu ndogo ya kumbukumbu ya haraka ndani ya SSD: kwenye SATA naitaka, maana bila hiyo SSD inalegea ikijaa. Kwenye NVMe si lazima, kwa sababu inaazima kidogo ramu ya kompyuta. WD Black SN770 haina DRAM, ni TLC, ya terabaiti 1 imeahidiwa terabaiti 600 za kuandikwa, na kwa kompyuta mpya ya nyumbani mimi ningeichukua bila kusita. Windows itakuonyesha gigabaiti 931 badala ya 1,000. Hujaibiwa, ni kwamba Windows inahesabu kwa 1,024 na kiwanda kwa 1,000.

Stima. Mvua ikianza na radi za upande huu wa ziwa, inakatika bila kubisha hodi. SSD za nyumbani kwa kawaida hazina akiba ya umeme ya kumalizia kazi, kwa hiyo faili iliyokuwa ikiandikwa inaweza kuharibika. UPS ndogo, ile betri ya akiba, inakupa dakika za kuzima kompyuta kwa utaratibu. Inunue mapema.

Mwisho ni feki. SSD ya nje ya terabaiti 16 kwa bei ya chakula cha mchana haipo, usidanganyike. Ndani mara nyingi ni kadi ndogo ya memori iliyofundishwa kudanganya ukubwa wake. Programu ya H2testw ni ya bure, inaijaza yote kisha inasoma tena kilichoandikwa, na uongo unajitokeza. Hiyo fanya nyumbani ikiwa bado tupu. Lakini ukiwa dukani, omba waichomeke, ufungue programu ya CrystalDiskInfo, uangalie saa ambazo imewahi kuwashwa. Ikiwa umeambiwa ni mpya na hapo pameandikwa saa elfu kadhaa, irudishe palepale kaunta kabla hujalipa.