DMU za Nairobi: mtumba wa kamera ulionirudishia asubuhi zangu (uzoefu wangu)

Kila nikimwambia mtu naenda kazi na treni swali la kwanza ni kama watu bado wananing'inia mlangoni, alafu la pili ni kama itafika kabla ya saa sita mchana. Kwa hivyo leo nimeamua niandike yote, maanake nimepanda hizi DMU karibu kila siku ya kazi kwa miaka miwili sasa, kutoka mtaa wa Donholm kwenda tao (katikati ya Nairobi) asubuhi na kurudi jioni, na naona watu wengi wanazihukumu bila kuzipanda.

Kwanza kwa wale hawajui, DMU ni treni ya dizeli ambayo haina kichwa kinachovuta. Ile treni ya kawaida tumeizoea ina injini kubwa mbele na mabehewa nyuma yanaburutwa. Hii injini ziko chini ya sakafu ya mabehewa yenyewe, ukisimama unazisikia kwa nyayo kabla uzisikie kwa masikio, na kila upande wa treni una chumba cha dereva. Mtu anaweza dhani hiyo ni habari ya mafundi tu lakini mimi ndio naona ni siri ya hii treni. Treni ya kuvutwa ikifika mwisho lazima kichwa kifunguliwe, kizunguke kwa reli ya pembeni, kije kifungwe upande ule mwingine, na wewe umekaa tu unangoja. Hii ikifika Embakasi Village, stesheni ya mwisho ya laini yetu, dereva anatoka huku anatembea mpaka kule, anaingia, mnaondoka. Kwa safari fupi kama zetu za stesheni chache huo muda ni kitu kikubwa sana. Pia zinachomoka haraka, hakuna ule mvuto wa polepole wa mzigo mzito, sababu si injini moja inabeba wote.

Sasa tuje kwa ile maneno ya mtumba. Ndio, ni mtumba, hakuna mtu anaficha. Zilitoka Mallorca, kisiwa cha Uhispania, zikanunuliwa 11 kwa kama shilingi bilioni 1.15, zikafika 2020 na Novemba mwaka huo rais Uhuru Kenyatta akazindua. Wakati huo nilikua kati ya wale waliokasirika, nikasema kwa nini sisi ni wa kuokota vya watu. Lakini nilivyoendelea kufuatilia nikaelewa. Kule Mallorca waliweka umeme kwa reli yao, kwa hivyo za dizeli zikakosa kazi. Hazikuuzwa sababu zimekufa. Na la muhimu zaidi, reli yao ni ya upana wa mita moja kamili, milimita 1,000, sawasawa na hii yetu ya zamani iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 ikafika hapa Nairobi 1899. Hapo ndio bahati ilikua, maanake si nchi nyingi ziko na treni za kisasa za upana huo za kuuza. Hauwezi kuchukua treni ya SGR, ile reli mpya ya Nairobi kwenda Mombasa, uiweke hapa, ile ni milimita 1,435. Hata treni za TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, haziwezi, ile ni 1,067, ukiona hizo namba unadhani tofauti ni ndogo lakini gurudumu halijui udogo, litaanguka tu.

Mtu yeyote ameenda Gikomba anajua kuna kamera, yaani mtumba wa daraja la kwanza, na kuna fagia, yale mabaki ya mwisho. Hizi ni kamera. Viti vimeshikana vizuri, madirisha ni makubwa, na mnatulia ndani kama watu. Kuna mama mmoja huwa tunapanda naye, anauza nguo, siku moja aliniambia "mwanangu mimi hapa ndio napata usingizi wangu wa pili" na kweli tukipita Makadara ukimwangalia amelala na mzigo wake katikati ya miguu. Kwa matatu ya Jogoo Road asubuhi nani analala, uko na jicho moja kwa simu yako na lingine kwa makanga asikupitishe steji.

Lakini siku ile niliamini hii treni kabisa ni siku ya mamangu. Mama anaishi Mombasa na magoti yanamsumbua. Kuna mara alikuja kunitembelea, siku ya kurudi tukapanda matatu ya kwenda Syokimau, kuliko stesheni ya SGR, mapema tu, tukiwa na tikiti za SGR za saa mbili. Ile gari ilikaa steji ikijaza watu mpaka nikaanza kuomba kimoyomoyo, alafu Mombasa Road ikatushika. Tulifika lango limeshafungwa. Mama hakusema kitu, alikaa tu juu ya begi lake kando ya barabara, na hiyo kunyamaza kwake iliniuma kuliko angenigombeza. SGR haingoji mtu, saa ikifika inaondoka, na unatakiwa kufika mapema sababu kuna ukaguzi, mabegi yanapangwa chini mbwa wanapita wakinusa ndio uruhusiwe kuingia.

Alipokuja tena nikasema hapana, safari hii tunaanza na treni. Tukaenda stesheni kuu ya tao bado giza, tukapanda DMU inayounganisha na SGR, tukapita Makadara, Imara Daima, Syokimau mpaka pale stesheni ya SGR yenyewe. Upande mmoja unaona taa za magari zimesimama kwa foleni na sisi tunapita tu. Mama aliweka mkono kwa dirisha akaanza kunihadithia vile akiwa msichana alikua anakuja Nairobi na treni ya usiku, hii hii reli nyembamba, wanaingia asubuhi wakiwa wamechoka na vumbi la njiani. Akaniuliza, "kwani hii reli bado ni ile ile?" Nikamwambia ndio mama, ni ile ile, treni tu ndio mpya kwetu. Alifurahi sana, nami nikafurahi kwa sababu yake. Tulifika na muda wa kutosha hadi akanywa chai.

Kwa upande wa yale ningependa yaongezwe, kubwa ni ratiba. Imewekwa kwa mtu wa ofisi, asubuhi na jioni. Mchana ukitoka kazi mapema sababu mtoto ni mgonjwa unarudi kwa matatu. Muuza mboga wa Pipeline anayerudi kutoka soko saa nne naye ni abiria. Pia reli ni moja, treni zinapishana kwa stesheni tu, kwa hivyo treni haziwezi kuongezwa tu hivi hivi hata kama zipo, na mimi naona pesa ikipatikana iende huko kwa reli ya pili kabla ya kununua kitu kingine. Na stesheni nyingine njia ya kufika usiku ni giza, dada zetu wanatembea kwa kasi wakishika mikoba, taa ni kitu kidogo sana jamani.

Kuna wanaosema dizeli imepitwa na wakati, waangalie Tanzania SGR yao inaenda kwa umeme toka 2024 Dar mpaka Dodoma. Nakubali ni kitu kizuri na siku moja nitaipanda. Lakini kuweka nyaya kwa reli ya zamani inayopita katikati ya mitaa yetu si kazi ya mwaka mmoja, na mimi nahitaji kufika kazini kesho. Mallorca wenyewe walitumia hizi hizi miaka na miaka wakingoja umeme wao.

Kama unataka kujaribu, fika stesheni dakika kumi kabla na begi dogo, jioni kutoka tao tembea mpaka behewa la mwisho, watu wengi hujazana lile la kwanza karibu na mlango wa stesheni. Na kama una mzazi anaenda Mombasa na SGR ya asubuhi mpeleke na hii, usimpeleke kwa barabara.