Boti ndogo ichomoke haraka na igeuke vizuri: ununue nini kwanza, na nini kisubiri

Mwenye boti ndogo ya mashine ya nje anapoona chombo chake kinachelewa kunyanyuka na kuteleza juu ya maji, omo ikiwa imeinuka hadi kumzuia kuona mbele na tezi ikiburura maji mengi nyuma, mara nyingi huanza kufikiria mashine kubwa zaidi. Wengine hukimbilia mapezi ya plastiki yanayofungwa juu ya propela, kwa kuwa ni mepesi kufunga na maelezo ya kwenye pakiti yanaahidi mengi. Nimeyapanga hapa manunuzi ya aina hii kwa kigezo kimoja tu, kwamba kitu kinachoondoa chanzo cha tatizo kitangulie kile kinachoficha dalili zake.

Kabla ya duka lolote, mzigo uangaliwe. Tangi la lita 25 likijaa petroli lina uzito wa karibu kilo 19 bila kuhesabu tangi lenyewe, na betri ya kuwashia mashine huweza kufika kilo 20. Ukiongeza nanga, minyororo, dereva na maji yaliyotuama kwenye ngama, yaani sakafuni ndani ya boti, ambayo kila lita yake ni kilo nzima, utakuta robo tatu ya mzigo wote imekaa tezi, pale pale mashine ilipo. Mimi mwenyewe nilihangaika muda mrefu na boti ya faiba ya mita nne iliyokataa kunyanyuka tukiwa watu watatu, mpaka nilipohamishia tangi mbele ya benchi la katikati kwa kutumia mpira mrefu zaidi wa mafuta. Siku hiyo hiyo ilinyanyuka, na gharama yote ilikuwa mpira. Angalia pia pini ya kuegeshea mashine kwenye matundu ya mabano yake: ikiwa tundu la mbali sana na boti, propela husukuma tezi chini na omo hupanda, ikiwa tundu la karibu zaidi, omo hushuka na boti huchomoka upesi, ingawa katika mwendo mkubwa huweza kuchimba maji na usukani ukawa mzito. Sehemu ya chini ya boti isuguliwe vilevile, kwa sababu hata utelezi mwembamba wa mwani hupunguza mwendo.

Kitu cha kwanza kununua, ambacho hakiongezi kasi hata kidogo, ni mita ya kuhesabu mizunguko ya mashine. Zipo ndogo ambazo waya wake huzungushwa tu kwenye waya wa plagi. Bila mita hii, kila ununuzi unaofuata ni kubahatisha. Kitabu cha mashine hutaja kiwango ambacho inapaswa kufikia mafuta yakifunguliwa yote, kwa mfano kati ya mizunguko 4,500 na 5,500 kwa dakika. Pakia boti mzigo wako wa kawaida, fungua mafuta yote mahali pa wazi na salama, halafu soma namba.

Namba hiyo ndiyo inayokuongoza kwenye nafasi ya kwanza ya orodha yangu, yaani propela. Sioni kitu kingine kinachoikaribia. Propela huwa na vipimo viwili vilivyopigwa chapa kwenye kitovu chake: kipenyo, na pichi, ambayo ni umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapita kwenye kitu kigumu kama skrubu kwenye ubao. Pichi ikiwa kubwa mno kwa mzigo wako, mashine hulemewa kama baiskeli inayopandishwa mlima kwa gia nzito. Ikiwa ndogo mno, mashine huzunguka kupita kiwango chake na kujichosha. Kwa makadirio, kila inchi moja ya pichi unayopunguza huongeza mizunguko 150 hadi 200. Kwa hiyo ikiwa mashine ya mfano wetu inafika 4,800 tu kwa pichi ya inchi 13, propela ya inchi 11 itaifikisha karibu 5,100 au 5,200, na mabadiliko utayahisi mgongoni mara tu unapofungua mafuta. Kwa boti inayobeba watu na mizigo, lenga nusu ya juu ya kiwango kilichotajwa kitabuni.

Hesabu fupi husaidia kujua kama propela mpya inafanya kazi yake. Mashine ikizunguka 5,200 na gia yake ikigawa kwa 2, propela huzunguka mara 2,600 kwa dakika. Zidisha kwa inchi 11 upate inchi 28,600, ambazo ni karibu mita 726 kwa dakika, sawa na kilomita 43.6 kwa saa. GPS ya simu ikionyesha kilomita 37, tofauti ni asilimia 15, na hiyo ni hali ya kawaida kwa boti ndogo. Tofauti ikipita asilimia 25 boti ikiwa tayari inateleza juu ya maji, usilaumu pichi. Ama mashine imekaa vibaya, ama panga za propela zimepinda, ama kuna uchafu mwingi chini.

Kuhusu idadi ya panga, tatu ndizo za kawaida na hutoa mwendo mzuri wa juu, lakini nne hushika maji vizuri zaidi kwenye kona na kuiwezesha boti kubaki inateleza kwa mwendo mdogo, kwa kupoteza kidogo kasi ya mwisho. Kwa boti ya kazi ningechagua nne bila kusita, kama zinapatikana kwa ukubwa wa mashine yako. Kuhusu madini, chuma cha pua hakipindi kwa urahisi chini ya mzigo, hivyo umbo la panga hubaki lilivyokusudiwa. Lakini ni ghali zaidi, na ukigonga mwamba, pigo huweza kufika kwenye shafti na gia badala ya kuishia kwenye panga. Anayepita kwenye mawe na maji mafupi anunue alumini mbili, moja ya kufunga na moja ya akiba, pamoja na nati na pini zake.

Ukinunua propela iliyotumika, ichunguze raba ya ndani ya kitovu, kwa kuwa ikichoka, mashine hulia juu huku boti ikikataa kuchomoka, na mtu huweza kudhani pichi si sahihi. Chora mstari mmoja wa rangi unaokatiza sehemu ya chuma ya ndani na ya nje, toka nayo majini, kisha rudi utazame. Mstari ukiwa umeachana, raba imeteleza.

Nafasi ya pili naipa marekebisho ya kimo cha mashine. Shikilia ubao ulionyooka chini ya boti, kandokando ya mkuku, yaani uti wa chini wa boti, ukitokeza nyuma hadi kwenye bamba bapa lililo juu ya propela. Kwa boti nyingi bamba hilo linapaswa kuwa sawa na ubao au juu yake kwa takriban inchi moja. Likiwa chini sana, mashine hukokota maji na kuyarusha juu ya tezi. Likiwa juu sana, propela huvuta hewa kwenye kona, mashine ikapiga kelele bila kusukuma. Mashine nyingi ndogo zinaweza kuinuliwa kwa kipande cha mbao ngumu juu ya ubao wa tezi, mradi vibano vishike kikamilifu na mashine ifungwe kamba ya usalama. Bamba maalumu la kuinulia hufanya kazi hiyo kwa usahihi zaidi, lakini huisogeza mashine nyuma na kuongeza uzito pale pasipohitaji, kwa hiyo boti fupi sana isifungwe bamba hilo.

Ya tatu ni jozi ya vibamba vya tezi vinavyojirekebisha vyenyewe. Kila kimoja husukumwa chini na springi ya gesi. Mwendo ukiwa mdogo huinua tezi, na mwendo ukiongezeka maji huvisukuma juu visilete ukinzani. Vinafaa sana kwa boti inayodunda omo juu na chini kama pomboo hata baada ya mzigo kupangwa vizuri.

Mapezi ya juu ya propela nimeyaweka ya nne. Yanainua tezi kweli, na kwa boti nzito ya nyuma yenye mashine ndogo yanaweza kusaidia. Lakini mengi hudai bamba la mashine litobolewe, jambo linaloweza kukuharibia dhamana, na yasipotoka majini boti inapoteleza hugeuka mzigo wa kukokota. Ukiyataka, chagua yanayobana bila kutoboa.

Mashine kubwa zaidi ni ya mwisho. Usiipite nguvu iliyoandikwa kwenye kibati cha uwezo wa boti, kwani ubao wa tezi ulijengwa kwa kiwango hicho na uzito wa ziada hurudisha tatizo lile lile la tezi. Kwa lolote utakalofunga, siku ya majaribio vaa jaketi la kuokolea, funga kamba ya kuzimia mashine kwenye mwili wako, na mwombe muuzaji wa propela akubali mapema kubadilisha ile isiyofaa kwa nyingine ya pichi tofauti, ikirudi bila mkwaruzo.