Nimelipia kozi ya kodi za jazi kwenye kinanda, 45,000 yangu imefanya nini

Jamani mi sio mtu wa jazi, napiga kinanda kanisani kwaya ya vijana, kibodi ya funguo 61 ambayo kitufe cha transpozi (cha kupandisha na kushusha ufunguo) kimefutika maandishi kwa kubonyezwa. Kodi zangu (noti zinazobonyezwa pamoja, sio ile ya TRA) zilikuwa za noti tatu tatu, do mi so, fa la do, basi. Siku moja akaja kijana mgeni, wimbo uleule tunaoimba kila Jumapili, kufika kwenye kodi ya maina (ile yenye sauti ya huzuni) akabonyeza kitu mpaka mwalimu wa kwaya akageuka. Namuuliza ananiambia "hiyo D maina ileveni bro". Usiku huohuo nikalipia kozi kwa M-Pesa. Jina la kozi silitaji, mtaona kwanini.

Masomo matano ya mwanzo hayana kitu, jamaa anaongea tu bando linakwisha. Somo la 6 ndo pesa yangu ilipo. Tuliokulia kwenye solfa tuna bahati hapa: chukua C ndo do, anza re halafu ruka moja moja, re fa la do mi so ti, umemaliza, hiyo ni D maina yenye naini (mi), ileveni (so) na thatini (ti) yake, yaani noti ya 9, ya 11 na ya 13 ukihesabu kutoka re, na noti zote saba za funguo nyeupe umezigusa. Ila ukizibonyeza zote saba pamoja ni uji. Kwahiyo jamaa anakufundisha kupunguza. Re mwachie mpiga besi, la inaweza kuondoka, ila fa na do usizitoe maana fa ndo inaleta umaina na do ndo seveni yenyewe (noti ya 7 kutoka re).

Mkono wa kushoto unabaki na fa la do mi. Nikasema ngoja, hii si F meja seveni? Ndiyo hiyohiyo, ila besi ikigonga re inageuka D maina naini. Halafu shusha kidole kimoja tu, do iwe ti, besi igonge so, tayari uko G thatini. Ukitaka kwenda nyumbani ti inakaa palepale, zingine tatu zinashuka hatua moja, mi so ti re, besi do. Nilirudia hiyo kitu mpaka mke wangu akaomba nivae hedifoni.

Sasa Jumatano mazoezini mpiga besi hakuja, mi nikajitia kupiga mambo mapya, sauti ya kwanza wakasikia F wakaingia na ufunguo wao kabisa. Kozi haikutahadharisha. Kama huna besi piga re mwenyewe chini, usijidanganye.

Kingine hakusema ule ujanja wa kurukaruka nyeupe ni wa re, usiubebe kila mahali. Nimeupeleka kwenye E maina nikapata fa juu yake, inakwaruza, kumbe naini ya E ni F shapu, ile fe ya kwaya. Hilo nimeligundua peke yangu, na mtu nimemlipa!

Somo la 12 zuri sana, mi la re so ti kutoka chini kwenda juu, halafu zote zinashuka hatua moja, re so do fa la. Ni ile ya Miles Davis, mpiga tarumbeta, kwenye wimbo wa So What wa 1959, kinandani Bill Evans. Mi nikisikia jazi akili ilikuwa inaenda Morogoro Jazz, magitaa na dansi, kumbe jazi yenyewe ya huko Marekani ni ulimwengu mwingine.

Kama hujui bado seveni ya kawaida usinunue, utaumia. Kama unajua, nenda moja kwa moja somo la 6 na la 12. Somo la 14, la maina yenye seveni kubwa, ndo nililokuwa nalisubiri, halifunguki. Nimewaandikia mara tatu, tiki za bluu naziona, leo wiki ya tatu.