Seredani ipi ununue mkaa ukipanda bei

Mkaa ukipanda, wengi wetu huanza kubana chakula. Mimi nasema itazame kwanza seredani. Seredani mbovu unailipia siku unayoinunua, kisha unailipia tena kila jioni unapoongeza mkaa. Hizi nimezipanga kwa nyumba ya watu sita, inayopika wali na mchuzi kila siku.

Ya kwanza, na sioni ya kushindana nayo, ni yenye bati nje na udongo ndani. Ile iliyobanwa kiunoni ilienea Kenya mapema miaka ya 1980, fikra yake ikitokana na jiko la ndoo la Thailand. Udongo uliochomwa haupitishi joto upesi, kwa hivyo moto unapanda kwenye sufuria badala ya kukuchoma miguu. Ikitumiwa vizuri huokoa kama theluthi ya mkaa, pengine zaidi.

Lakini usinunue kwa kuitazama tu. Gonga udongo kwa kucha: ukilia wazi kama kikombe, mzima, sauti ikifa, una ufa. Itikise, udongo usicheze ndani ya bati. Fungua na ufunge mlango wa majivu mpaka mwisho, maana hapo ndipo unapoongozea moto. Wali ukishakauka maji, mimi hufunga mlango, nikapalia makaa juu ya mfuniko, na kilichobaki chini kinatosha kuivisha. Seredani ya bati tupu hainipi utulivu huo.

Adui wake ni maji. Ukizima moto kwa kumwagia, udongo unapasuka. Toa makaa kwa koleo, yatie kwenye kopo la bati lenye mfuniko, kesho yanawaka tena. Na vifuu vya nazi usitupe. Vivunje vidogo, vinashika moto upesi na kukupunguzia mkaa wa mwanzo.

Ya pili ni ya chuma kizito, iliyotengenezwa kwa ringi ya gari. Haivunjiki na inabeba sufuria la shughuli bila kuyumba. Kwa anayekaanga mandazi ya kuuza ningeiweka ya kwanza. Kwa wali wa nyumbani inakula mkaa mwingi mno.

Ya tatu ni gesi, mtungi wa kilo 6. Kwa chai ya alfajiri na daku haina mfano. Tabu yake ni kuujaza: pesa yote inatakiwa kwa mara moja, na mkaa unaweza kununua hata kopo moja. Ukiweza, uwe nayo pamoja na seredani.

Ya mwisho ni ya bati jepesi. Naiheshimu kazi yake. Ile yangu ilikatwa kutoka debe la rangi, maandishi ya manjano bado yanasomeka ubavuni, mshono umekunjwa na kupigwa nyundo bila tone la risasi ya kulehemu. Fundi anayetoa jiko kwenye debe lililotupwa ana mkono. Lakini bati lenyewe halihimili. Baada ya miezi mitatu kitako kilianguka, makaa yakamwagika hatua moja kutoka kwa mwanangu aliyekuwa amekaa kwenye mkeka. Nilipoirudisha kwa aliyeniuzia, aliigeuza akasema, "Mama, hili lingetiwa udongo lingekaa."

Kwa hivyo ikiwa pesa haifiki kwa ya kwanza, chagua bati zito, lenye miguu mitatu imara, umuulize fundi akutilie udongo baadaye. Mwulize bei ya udongo peke yake kabla hujalipa. Na yoyote utakayoichukua, usiiache ikiwaka chumbani mlikolala hata kwa mvua ya masika. Hewa ya mkaa inaua bila harufu.

Nenda mapema, kabla ya Ramadhani. Mafundi bado wana nafasi, na utapata muda wa kuzigonga tatu nne upate moja inayolia vizuri.